Kamyo ya Kabwe ijengwe pia Katanga

LUBUMBASHI – Mwezi wa kwanza 2024, watu wa Geneva, kule Uswisi, waliingia katika jumba lao kubwa la opera wakakuta jukwaani kitu ambacho kila mkaaji wa Katanga angekitambua mara moja: kamyo ya tanki iliyoanguka. Ilikuwa imelala pale mbele yao, kubwa, na waimbaji wakafanya kazi yao kandokando yake.

Opera hiyo inaitwa "Justice", maana yake Haki. Muziki uliandikwa na Hèctor Parra wa Hispania. Maneno yaliandikwa na Fiston Mwanza Mujila, mwandishi mzaliwa wa Lubumbashi. Aliyeongoza jukwaa ni Milo Rau, Mswisi yule ambaye mwaka 2015 alikuja Bukavu na mahakama yake ya mfano juu ya vita na madini ya Congo. Kati ya waimbaji alikuwamo Mcongomani Serge Kakudji.

Habari yenyewe inajulikana. Mwezi wa pili 2019, kwenye barabara ya Lubumbashi hadi Kolwezi, pale kijiji cha Kabwe, kamyo iliyopeleka asidi ya salfa kwenye mgodi iligongana na basi ikaanguka. Asidi ikawamwagikia watu. Karibu watu 20 walikufa, na wengine wamebaki na makovu na ulemavu. Asidi hiyo ndiyo inayotumiwa viwandani kuyeyusha mawe ili shaba na kobalti zitoke. Kwa hiyo makamyo yake hayakuacha kupita. Yanapita hadi leo.

Ni jambo jema kwamba dunia ilisikia. Lakini jumba la Geneva lina viti karibu 1,500, na mama anayeuza mihogo kando ya barabara ya Kolwezi hakuwa na njia ya kuketi hata kwenye kimoja. Kwa hiyo kamyo ile ijengwe pia Katanga, na mikono ya Katanga, kwa mchezo utakaochezwa katika Kiswahili cha Katanga, mbele ya watu wanaoishi na barabara ile. Tena ijengwe vizuri. Kitu kikubwa cha jukwaani kikijengwa ovyo kinaweza kumwangukia mtu, na kikijengwa bila kuwauliza wenye msiba kinawaumiza mara ya pili.

Kwa nini kamyo, si maneno tu

Wengine watasema: mbona maneno hayatoshi? Mwigizaji mzuri akisimama na kusema "kamyo ilianguka", watu wataiona akilini.

Hoja hiyo ina uzito, na Lubumbashi inaijua kuliko miji mingine. Kundi la Mufwankolo lilijulikana kwa miaka mingi, redioni na kwenye televisheni, kwa michezo ya Kiswahili iliyotegemea zaidi ulimi na akili ya waigizaji. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo juu ya methali ya madaraka yanayoliwa mazima, wakaucheza katika kijiji cha Kawama, na mtaalamu Johannes Fabian akauandikia kitabu kizima. Nguvu ya mchezo ule haikutoka kwenye mbao na rangi. Hakuna anayetaka urithi huo ufunikwe na mabati.

Lakini habari ya Kabwe ina shida yake. Makamyo ya tanki yamekuwa mengi mno hata macho yameyazoea. Mtu anaona kumi kabla ya kufika Likasi, na hakuna hata moja anayoiangalia kweli. Ukiitaja kwa mdomo, msikilizaji anaona ile aliyoizoea: imesimama, inatembea, inakwenda zake. Ilaze kwa ubavu ndani ya ukumbi, hatua chache kutoka benchi la kwanza, na hapo ndipo anaona kwamba tanki likilala bado linampita kimo. Anaelewa kwa tumbo, si kwa hesabu, jinsi basi linavyoweza kupotea chini yake.

Na kitu hicho hakikai bure. Katika sehemu ya kwanza ni ukuta ambao watoto wanacheza nyuma yake. Katika sehemu ya pili ni kaburi. Katika sehemu ya tatu, wanasheria wanaweka karatasi zao juu yake kana kwamba ni meza. Mwigizaji akigonga ubavu wake kwa ngumi, bati tupu linalia, na mlio ule unasema zaidi ya hotuba. Pambo likiondolewa, mchezo unaendelea kama kawaida. Kamyo hii ikiondolewa, mchezo unavunjika. Hicho ndicho kipimo, na kitu kisichopita kipimo hicho kisijengwe hata kama pesa ipo.

Wacongomani wanalijua jambo hili. Freddy Tsimba wa Kinshasa ameunganisha maganda ya risasi, mapanga, vijiko na funguo mpaka vikawa watu wakubwa wa chuma. Moja ya sanamu zake iliwekwa mwaka 2018 katika jumba la teatre la Chaillot, Paris. Anayeitazama anajua kwamba lile ganda liliwahi kubeba risasi. Kitu chenyewe ni shahidi.

Ujuzi uko hapa tayari

Wengine watasema kwamba kazi kama hiyo ni ya Wazungu. Hilo si kweli.

Kwenye majimbo ya kusini, Wachokwe na Walunda wamejua tangu zamani kutengeneza makishi makubwa ya mukanda: kwanza mifupa ya vijiti vilivyofungwa, kisha ngozi ya gome la mti iliyovutwa juu yake, kisha utomvu, kisha rangi. Kiunzi chepesi ndani, ngozi nyembamba nje. Mafundi wa majumba makubwa ya Ulaya hufuata njia ileile, ila wao huweka bomba la chuma mahali pa kijiti, na plastiki ngumu au turubai mahali pa gome. Kamyo ya jukwaani kwa kawaida si kamyo. Ni kishi kubwa.

Na mifupa ya chuma inajulikana zaidi hapa. Tembea katika komine ya Kenya au Katuba asubuhi: kila barabara ina fundi wa kuchomelea anayetengeneza milango, vitanda na majiko, na fundi mwingine anayenyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Huyu wa pili amezijua ajali za makamyo kwa vidole vyake. Anajua bati hujikunja wapi, kioo hupasuka namna gani, na mlango wa mbele hufunguka upande upi. Hakuna mchoraji wa jukwaa wa Ulaya atakayemfundisha hilo. Kinachomkosa fundi huyu ni mtu wa kumwita na kumweleza mchezo unataka nini.

Kazi yenyewe

Kosa la kwanza la makundi mengi ni kuanza kuchomelea kabla ya kupima. Kamyo nzima yenye tanki inazidi mita 10. Kumbi nyingi za parokia na za shule haziwezi kuibeba, na hakuna haja. Mtazamaji akipewa kichwa cha kamyo na kipande cha tanki kinachopotea gizani, yeye mwenyewe ataimalizia.

Kwa hiyo kazi inaanza na makete ya karatasi ngumu. Kwa kipimo cha 1 kwa 20, kila sentimita 5 ni mita 1. Makete inawekwa juu ya meza pamoja na jukwaa lake dogo na watu wadogo wa kadi. Hapo ndipo mwongozaji na fundi wanagombana, wakati ugomvi bado ni wa bei nafuu. Kisha unapimwa mlango wa ukumbi. Dekori ngapi zimekatwa kwa msumeno usiku wa kuamkia onyesho kwa sababu hakuna aliyepima mlango!

Hesabu ya tanki si ngumu. Tuseme upana wake ni mita 2 na limelala. Watazamaji wanaona nusu tu, kwa hiyo nyuma linabaki wazi. Nusu ya mzunguko wake ni mita 3 na sentimita 14. Pipa la lita 200 likikatwa na kunyooshwa linatoa bati la karibu mita 1 na sentimita 80, kwa sentimita 88. Mapipa mawili yakiungwa kwa urefu yanafunika tao zima na kubakiza kidogo kwa maungo. Matao matatu ya namna hiyo, kila moja na kiunzi chake, yanafanya tanki la mita 2 na nusu. Ni mapipa sita, basi. Kila tao linasimama peke yake, linapita mlangoni, lina namba yake, na linafungwa kwa jirani yake na buloni. Kamyo inayofungwa kwa buloni inaweza kwenda Likasi, Fungurume na Kolwezi. Iliyochomelewa kuwa kipande kimoja itafia pale ilipozaliwa.

Magurudumu yanadanganya. Kamyo iliyoanguka inaonyesha magurudumu yake hewani, na kila mtu anafikiri kwanza kuweka magurudumu ya kweli. Tairi moja tu la kamyo, bila rimu, linaweza kupita kilo 50. Ukiweka manne juu, umejenga mtego. Afadhali duara la nondo nyembamba lijazwe magunia yenye maranda, kisha livikwe mpira wa ndani wa magurudumu mabovu. Kwa mwanga wa jukwaa hakuna atakayejua.

Rangi iko chini ya miguu. Udongo mwekundu wa Katanga uliochujwa, ukichanganywa na gundi, unatoa kutu nzuri kuliko rangi ya dukani. Kijani cha shaba iliyoliwa, kila mtoto wa migodi anakijua.

Usalama si mapambo

Hapa inafaa kusemwa kwa sauti ya juu. Pipa lililobeba petroli au mazoti, hata likionekana tupu, linabaki na mvuke ndani. Likiguswa na moto wa kuchomelea au cheche za mashine ya kukatia, linaweza kulipuka na kumuua fundi. Na katika inchi ya migodi kuna mapipa mengine yaliyobeba dawa za viwandani. Hayo yasitumiwe kabisa, hata yakioshwa, hata yakitolewa bure. Itakuwa aibu isiyosahaulika mchezo juu ya asidi ya Kabwe ukimchoma mtoto wa watu kwa dawa iliyobaki ndani ya pipa. Yachukuliwe mapipa ya mafuta ya kupikia, na muuzaji aseme wazi yalibeba nini.

Kingo zote za bati zikunjwe au zifunikwe kwa bomba la mpira lililopasuliwa. Kama mwigizaji atapanda juu, awekewe ndani ngazi na jukwaa dogo lenye miguu yake, maana bati halibebi mtu. Nyuma ya kiunzi ziwekwe nondo za pembetatu na magunia ya mchanga, na kabla ya onyesho watu wazima wanne waisukume kwa nguvu zao zote. Ikitikisika, onyesho lingojee. Frigoliti inarahisisha kazi ya kuchonga, lakini inawaka upesi na moshi wake ni sumu. Katika mji ambao umeme unakatika na watu wanawasha mishumaa, ni hatari ya kufikiriwa mara mbili.

Na asidi yenyewe? Jukwaani kusimwagike kitu chochote. Taa moja ya pembeni inayotambaa polepole sakafuni, na ukimya. Wale waliokuwapo Kabwe hawahitaji kuonyeshwa zaidi, na wale wasiokuwapo hawana haki ya kuifurahia kama filamu.

Wenye msiba kwanza

Hili ndilo jambo gumu kuliko kuchomelea. Ajali ya Kabwe si hadithi ya mtu aliyebuniwa. Kuna familia zinazolala nayo kila usiku. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: kwa nini mama aliyempoteza mtoto wake apelekewe tena kamyo ile?

Jibu haliwezi kutolewa na msanii. Litolewe na mama huyo. Kabla ya fundi kukata bati la kwanza, kundi liende Kabwe, likae na chifu na familia, lionyeshe makete, liseme: tunataka kufanya hivi, mnasemaje? Wakikataa, kazi isimame. Wakikubali kwa masharti, masharti yaandikwe. Huenda watasema kamyo isiletwe kijijini kamwe, iishie Kolwezi na Lubumbashi. Huenda watasema kinyume, kwamba ije isimame palepale, wakubwa wa makampuni na wa serikali waitwe kuketi mbele yake. Yote mawili yana akili. Kibaya ni kuamua kwa niaba yao, kwa sababu hicho ndicho walichotendewa tangu siku ya kwanza: wengine wanaamua barabara, wengine wanaamua fidia, wengine wanaamua ni nani ataandikwa kuwa mhanga.

Pesa, majina na ukumbi

Mafundi walipwe. Ni neno fupi lakini ndilo linalovunja makundi. Waigizaji wanaweza kukubali kucheza kwa moyo, kwa kuwa watapigiwa makofi. Fundi wa kuchomelea hapigiwi makofi. Akiacha kazi ya milango kwa wiki mbili, nyumbani kwake hakuna bukari. Apewe mkataba, hata wa ukurasa mmoja, na jina lake lisomwe pamoja na ya waigizaji mwisho wa onyesho.

Pesa itoke wapi? Kodi ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha makampuni kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Wengine watasema: basi hiyo ilipe kamyo. Hapana. Mchezo juu ya asidi ya mgodi usilishwe na mkono wa mgodi, la sivyo tanki litapakwa rangi nzuri kabla ya kufika jukwaani. Pesa hiyo inaweza kujenga ukumbi wa watu wote, wenye mlango mpana na umeme wa kutegemewa, jamii ikitaka hivyo. Mchezo wenyewe ulipwe na tikiti, na michango ya wakaaji, na wizara yenye kazi ya utamaduni.

Na neno la ukumbi linagusa kidonda kingine. Lubumbashi ilikuwa na jumba lake kubwa la teatre, lililochorwa na Claude Strebelle na kumalizika mwaka 1956. Leo linaitwa Jengo la 30 Juin, na lilipewa wabunge wa jimbo. Wasanii wakabaki na kumbi za wageni, za shule na za parokia. Wabunge wanaweza kurudisha kidogo cha deni hilo. Wafungue milango kwa siku moja, kamyo iingie, nao waketi viti vya mbele. Sheria ya usafirishaji wa asidi, mwendo wa makamyo vijijini, askari wa barabara anayefumba macho: hayo yote ni mambo yao.

Baada ya mchezo

Kitu kikubwa kinasumbua zaidi siku ya mwisho. Nani atakihifadhi? Mara nyingi dekori hurundikwa nyuma ya ukumbi, mvua inainyeshea, watoto wanaicheza mpaka mmoja anakatwa na bati, kisha usiku mmoja inauzwa kwa kilo. Kamyo ya Kabwe haistahili kuuzwa kwa kilo.

Wazee wa mukanda walilijua hilo. Watoto wakitoka, kambi inachomwa, na mara nyingi makishi pia, ili kila mtu ajue kwamba jambo limekwisha. Lakini la Kabwe limekwisha? Kama familia zitasema limekwisha, kamyo ifunguliwe buloni kwa buloni mbele yao. Kama watasema bado, ikae mahali ambapo madereva wataiona wakipita, na majina ya waliokufa yaandikwe ubavuni mwake na fundi yuleyule aliyeijenga.